Nazi Kando ya Dimbwi

Mwanzoni mwa miaka ya themanini niliamini kwa moyo wangu wote kwamba ukipika wali wa nazi kando ya madimbwi ya wadi moja, yaani bonde la mto, ya kwetu Sharqiyah, Oman, mafuriko yatakuja. Niliambiwa na wanakijiji wenyewe, nami nikawatangazia watu wote wa Ibra, hata wasiotaka kusikia. Cheti changu cha masomo ya usiku kilikuwa bado kinanuka wino, nani angenibishia?

Balaa ni kwamba mama yangu alikuwa hali wali usio na nazi. Alikuwa ameshuka kutoka Unguja karibuni tu, na Ibra ilimshinda: joto, vumbi, milima mitupu kama mkate ulioungua. Akaniambia, "Mwanangu, nioneshe mahali penye maji na miti, nitakaa. Hukunionesha, nakwenda zangu Dar es Salaam kwa dada yako."

Basi Alkhamisi moja nikampakia kwenye pikapu pamoja na hema, busati, na kikapu alichokikumbatia njia nzima.

Kufika, loh! Oman yote imehamia pale. Penye kivuli pana watu, pasipo watu pana jua, na penye kivuli pasipo watu pana punda, naye hataki kuondoka. Hema letu nililing'oa na kulisimamisha mpaka vigingi vikachoka. Mwisho tukapata mtende mmoja karibu na maji. Mama akatia miguu, visamaki vikamdonoa visigino, akacheka kicheko nilichokuwa sijakisikia tangu aje.

"Hapa pazuri," akasema.

Nikajua nimeshinda. Kisha akafungua kikapu: nazi mbili na mbuzi ya kukunia.

"Mama! Utatuzamisha!"

"Kwa nazi?"

"Mafuriko yatakuja!"

"Khaa! Mafuriko yanajua nimepika nini?"

Nikazinyakua zile nazi, nikazifungia ndani ya pikapu. Mama akajifunika buibui, akanipa mgongo. "Nchi isiyotaka nazi si yangu. Kesho nikatie tiketi."

Wallahi nilitaka kulia. Maji nimempa, miti nimempa, anaondoka kwa ajili ya nazi!

Bibi mmoja wa kijijini alikuwa akipita na ndoo ya maji kichwani. Kusikia Kiswahili, akasimama. Naye ujana wake aliula Unguja, kama wengi wa kijiji kile.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mama yako kanunia nini?"

Mama akamweleza. Bibi akaitua ndoo, akacheka mpaka akakaa chini.

"Lete nazi hizo, baba."

Nikazileta, jicho langu mlimani. Bibi akaikalia mbuzi mwenyewe, akakuna huku akiimba. Wali ukatokota, harufu ikaenea, majirani wakaanza kutusalimia kwa adabu ya ghafla. Mimi nimekaa ndani ya pikapu na ufunguo mkononi, tayari kukimbia.

"Ijumaa ijayo uje wewe kwangu Ibra," mama akamwambia bibi, akimpakulia. Ya tiketi hakuyataja tena.

Nilipoona maji hayakupanda hata kidole, nikashuka, nikauliza kwa hasira: nani basi aliyesema nazi inaleta mafuriko?

"Tulisema sisi," bibi akajibu, akitafuna. "Mafuriko huletwa na mvua ya mlimani, mwanangu. Ya nazi tuliyazua kwa sababu mnaosha masufuria ya mafuta kwenye maji tunayokunywa. Hiyo yenu kaioshee mbali."