Mgonjwa Asiye na Lakini

Shangazi yangu, dada wa baba, kazi yake hospitalini ni kuuliza. Sindano hachomi, bandeji hafungi. Anapita wodi hadi wodi na karatasi zake akiuliza wagonjwa wanatunzwaje. Ukibonyeza kengele muuguzi anafika upesi? Dawa umeelezwa ni za nini? Maumivu yakizidi, nani anakuja? Majibu yanajumlishwa, na kila mwezi mchoro unabandikwa ukutani kwenye korido ili kila wodi ijue imepanda au imeporomoka. Mimi ni muuguzi wa wodi ya mifupa. Kwa hiyo nyumbani ndiye aliyenilea, na kazini ndiye anayenipandisha presha.

Mwanzoni mchoro wake ulipendeza mpaka ukatia shaka. Aliuliza, akajibiwa "nzuri", akaandika nzuri. Jamani, nani katika watu wetu anaulizwa habari akaanza na mbaya? Mtu nyumba imeungua, atakujibu nzuri kwanza, halafu ndipo atakuambia moto ulianzia jikoni. Shangazi akabadili mwendo. Akiambiwa nzuri haandiki, anavuta kiti, anakaa, anatazama dari. Kimya kikimwelemea mgonjwa, anasema, "Nzuri, lakini..." Hapo kalamu inaanza kutembea. Lakini chai inafika imepoa. Lakini kengele ya kitanda hiki haijawahi kulia. Mchoro wa wodi yetu ukaporomoka, matroni akanuna wiki nzima, kisha kengele zikatengenezwa. Shangazi akabandikwa jina la Bi Lakini, nalo likamkaa.

Sasa, kitanda cha dirishani akalazwa fundi cherehani aliyevunjika mguu, mgane, mtu wa makamo.

"Habari ya hapa?" shangazi akamuuliza.

"Nzuri."

Shangazi akavuta kiti, akatazama dari. Fundi naye akatazama dari. Wakaitazama pamoja mpaka chai ikaletwa.

Kesho yake akarudi, na keshokutwa. Mgonjwa huulizwa mara moja tu, nikamkumbusha.

"Huyu jibu lake halijakamilika," akasema, na macho kayapaka wanja. Tangu mume wake afariki, nikiwa shule ya msingi, wanja sikuwahi kuuona usoni pake. Mapenzi ni kikohozi, na kikohozi mimi nakijua, ndiyo kazi yangu. Nilicheka mpaka nikaegemea toroli la dawa.

Kicheko kikaniisha Alhamisi, daktari alipotangaza kwamba fundi anaruhusiwa kesho. Nikaingiwa na hofu. Huyu mwanaume huenda ni mpole tu kwa kila mtu, na shangazi yangu atabaki na wanja wake.

"Si umwambie wewe?" nikamuuliza jioni nyumbani.

"Muulizaji hamtii mgonjwa maneno mdomoni. Nikimtia, jibu si lake."

"Na asiposema?"

"Asiposema ametunzwa vizuri, na mchoro wenu utapanda." Alisema hivyo huku anacheka, akanimiminia chai. Alikuwa ameitia chumvi.

Ijumaa fundi alikuwa ameshavaa, magongo kwapani, teksi inapiga honi nje. Shangazi akafika na karatasi zake. Mimi nikajifanya natandika kitanda, shuka lilelile nalikunja na kulikunjua kama mwehu.

"Habari ya hapa?"

"Nzuri," fundi akasema.

Hakuna aliyetazama dari. Honi ikapigwa tena. Fundi akaaga, akajikokota na magongo yake hadi mlangoni, na mimi hapo nilikuwa tayari kumrushia mto. Akasimama, akageuka.

"Nzuri," akarudia, "lakini nyumbani hakuna wa kuniuliza."

Shangazi akafungua kalamu, akaifunga.

"Hilo halina nafasi kwenye karatasi zangu," akasema. "Itabidi nije kulisikiliza hukohuko."

Wagonjwa wa wodi nzima wakapiga makofi, hata yule mwenye mikono yote miwili ndani ya plasta alijitahidi.

Gauni la harusi alilishona bwana harusi mwenyewe, akikanyaga cherehani kwa mguu mmoja. Siku hizi nikipita kwao namuuliza shangazi habari ya ndoa.

"Nzuri," ananijibu.

Navuta kiti, nakaa, natazama dari, nasubiri. Mpaka chai inaletwa hajaongeza neno, na chai yenyewe ina sukari.