Mjomba Alivyohariri Mazishi ya Dani

Nina blogu. Naiandika mtaani Nyalenda, kwenye meza tunayolia chakula, na kwa muda mrefu wasomaji wangu walikuwa dada yangu, rafiki mmoja niliyesoma naye, na mtu nisiyemjua anayejibu "Amina" hata nikiandika kuhusu mitaro iliyoziba. Kwa hiyo nilipoandika kuhusu mazishi ya Dani, yaani bibi mzaa mama, sikudhani nagusa kitu cha hatari.

Niliandika nilichokiona. Dani alilazwa hospitalini Kombewa, na mama yangu ndiye aliyelala kwenye kiti kando ya kitanda chake mpaka mwisho. Mjomba, mtoto wa kiume wa pekee wa Dani, hakufika. Hakuwa ng'ambo, alikuwa hapa Kisumu mjini, na gari analo. Siku ya kuzika, nyumbani Asembo Bay, aliingia jeneza likiwa limeshatolewa nje, akaja na vipaza sauti na hema lenye picha yake, kubwa kuliko ya marehemu. Kisha akalia. Alilia vizuri sana. Kamera ikigeukia upande mwingine anapumzika, ikirudi anaendelea.

Makala hiyo ilikaa kimya zaidi ya mwaka. Halafu Mjomba akaamua kugombea kiti cha wadi upande wa Kombewa, na mtu akamwonyesha.

Alikuja kwangu bila kupiga simu, amebeba mkate na pakiti ya sukari kama mtu anayekuja kuposa.

"Mpwa wangu," alisema, "umeandika vizuri. Kiswahili safi kabisa. Kuna neno moja tu."

"Lipi, Mjomba?"

"Hapa unaposema 'hakufika.' Hilo ni kali. Weka 'hakujaliwa kufika.'"

"Nani hakukujalia?"

"Mungu," akasema, bila hata kupepesa macho.

Nikabadilisha. Ni mjomba wangu, alikuwa ameketi sebuleni kwangu, na mkate wake tulikuwa tumeshaanza kuula. Nilijiambia kwamba blogu si gazeti. Gazeti la jana limeshafungia mtu mandazi, huwezi kulifuata ulirekebishe. Blogu unairekebisha hata ukiwa kwenye foleni ya maji.

Kesho yake akapiga simu. "Ile picha yangu haikuwa kubwa, mpwa wangu. Ilikuwa karibu."

Baada yake akapiga mkewe. Nilikuwa nimeandika kwamba alivaa miwani myeusi chini ya mvua. Akataka niseme alikuwa anaumwa macho. Mchungaji naye akasikia kuna marekebisho yanafanyika, akaomba mahubiri yake niliyoyaita marefu yaitwe yenye kina. Binamu mmoja ambaye sikuwa nimemtaja popote akalalamika kwamba sikumtaja. Alitaka niandike kuwa alibeba jeneza. Siku hiyo alikuwa Nairobi. Nilimkumbusha. Akasema moyo wake ulikuwa umebeba.

Nilibadilisha, nikahifadhi, nikabadilisha tena. Blogu haina aibu. Unafuta neno na hakibaki hata kidoa.

Jumapili moja mama alipita kutoka kanisani. Alikuwa amesikia kwa ndugu kwamba ile makala ya mama yake sasa imekuwa nzuri mno, akataka nimsomee. Akakaa jikoni akichambua omena, nami nikasoma kwa sauti. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ni nzuri," akasema. "Ni mazishi ya nani?"

Nikaangalia skrini. Dani alikuwa amebaki kwenye sentensi moja, na humo alikuwa tayari ndani ya jeneza.

"Na mimi nilikuwa wapi?" mama akauliza.

Hakuwemo. Ili kutokufika kwa Mjomba kupungue ukali, nilikuwa nimemwondoa na aliyefika.

Nakala ya kwanza nilikuwa nayo bado. Niliirudisha jioni ile ile, neno kwa neno, jeneza na hema na kamera. Kisha nikaongeza kitu kimoja ambacho mama alinisimulia pale jikoni: kwamba kila jioni hospitalini Dani alidai apakwe mafuta miguuni, akisema haendi mbele ya Mungu na miguu iliyopauka. Juu yake nikaandika wazi kwamba sehemu hii nimeiongeza baada ya kuongea na mama yangu. Mchungaji akarudi kuwa mrefu.

Wiki ya mchujo wa chama, mpinzani wa Mjomba alisimama sokoni Kombewa na kuisoma makala yote kwa kipaza sauti. Dada yangu alitumiwa sauti iliyorekodiwa. Watu wanacheka mpaka msomaji anashindwa kuendelea.

Mjomba akanipigia. "Umenimaliza! Hiyo kitu nilikuwa nimeshairekebisha!"

"Mjomba, niliyerekebisha ni mimi."

"Wewe uliandika. Mimi ndiye nilirekebisha!"

Alishindwa. Mpaka leo ukimuuliza atakwambia kura ziliibwa, na mwizi ni mtoto wa dada yake.

Mwaka huu tumezika shangazi ya mama, kule kule Asembo. Nilipofika asubuhi, nilimkuta Mjomba amevaa tai, ameshikilia nguzo ya hema ambalo lilikuwa bado halijasimama. Jasho linamtiririka. Aliponiona akaita kwa sauti ya kusikika mpaka ziwani.

"Umeniona?"

"Nimekuona, Mjomba."

"Nimekuja mapema ama sikuja?"

"Umekuja mapema sana."

"Basi andika!"

Nimeandika. Nimesema alifika mapema, alishika nguzo, hakuleta picha, na alilia kidogo tu, tena akiwa amewapa watu mgongo. Nimesema pia kwamba aliniagiza niandike. Hiyo sentensi haimfurahishi na amenipigia simu zaidi ya mara moja kuhusu kuiondoa. Safari hii nimemwambia, kama ana lake la kusema, aliandike chini ya makala, kwenye maoni, aweke na jina lake.