Pumzi Haishindani na Duara

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hata nikisahau jina langu sitaisahau. Lakini niruhusu nianze nyuma kidogo, maana ng'ombe hakamuliwi kwa kushikwa mkia.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati wa foleni za sukari, rafiki yangu Masanja alirudi Shinyanga kutoka machimbo ya Geita akikohoa vumbi la mwamba. Akikohoa yeye, mtaa wetu mzima wa Ngokolo unaamka na mbuzi wanakata kamba! Nikampeleka hospitali kwa daktari Mchina. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Yule daktari hakuishia kwenye vidonge. Alimsimamisha uani, magoti yamelegea, mikono mbele kana kwamba amekumbatia mtungi, akamwambia avute pumzi taratibu na kuishusha mpaka chini ya kitovu.

"Hii chigong," alisema. "Chi, pumzi ya uhai. Gong, kazi. Kila siku, pole pole."

Akatueleza kuwa wazee wao wa kale waliiga mwendo wa wanyama, korongo na dubu, ili viungo visigande. Waganga wakaichukua, na watawa wakaiendeleza. Pale palikuwa na Bwana Jivraj, Mhindi muuza vitambaa, aliyefuata sindano za mgongo. Akadakia, "Kwetu hiyo ni prana, Daktari! Mtu wa yoga anaipandisha kwa uti wa mgongo hadi utosini. Nyinyi mlijifunza kwetu!"

Daktari akacheka. "Labda kidogo. Yetu pia ya zamani sana. Wewe napandisha, mimi nashusha, halafu napanda tena. Mtu ni yule yule."

Walibishana mpaka chai ikapoa, na mshindi sikumwona.

Masanja akashika zoezi kila asubuhi. Majirani walisema anawinda kuku wasioonekana. Hata hivyo kikohozi kilipungua, kifua kikatulia, na sifa zikamwingia. Akarudi Geita, nami nikafuatana naye.

Kule, mwamba mgumu tuliupasua kwa moto. Magogo yalichomwa ndani ya duara, yaani shimo la kuchimbia, mpaka jiwe lipasuke. Desturi ilikuwa moja: hashuki mtu kabla koroboi haijatangulia kwa kamba. Ikizimika, ujue chini hakuna hewa, mnakaa juu, hata kama dhahabu inawaita kwa majina.

Asubuhi ya siku ile niliyokutajia, niliishusha mimi. Ikazimika.

"Tungoje kesho," nikasema.

"Nkoi wangu," akanijibu Masanja, yaani rafiki yangu, "koroboi haina chi. Mimi ninayo."

"Masanja, acha mzaha na moshi."

"Mwanamume mzima unatii kibatari! Nagusa mwamba, narudi."

Akakumbatia ule mtungi wake usioonekana, akavuta pumzi, akashika kamba. Wenzetu wakapiga makofi. Kamba ikatikisika kidogo, ikatulia. Nikaita. Nikaita tena. Aliyetaka kumfuata tulimkamata kwa nguvu, maana tungezika wawili. Tulimtoa kesho yake, koroboi ilipokubali kuwaka.

Nilipeleka nguo zake kwa mama yake, kisha nikapita hospitali. Daktari alinisikiliza, akaweka kikombe chini.

"Mimi nafundisha kupumua," alisema. "Chi natoka hewa nzuri, chakula, usingizi. Hapana hewa, hapana chi. Hii dawa ya kuishi. Si ya kushindana."

Basi, mwanangu, sikukatazi kujifunza la ugenini. Elimu haina kabila. Mchina na Mhindi walibishana pumzi ipelekwe juu au chini, ila hakuna aliyesema mtu huishi bila hewa. Hilo Masanja alijiongezea mwenyewe. Ukipewa nguvu, uliza inapoishia. Wala usiitumie kudharau desturi iliyowaweka hai waliokutangulia. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini lako bado zima.

Mungu akupe kifua kipana na pumzi ndefu, na siku ya makofi akupe miguu ya kubaki ukingoni mwa duara.