Kinywa Wazi Mbele ya Mama Mkwe

Wewe unayenisikiliza, gusa kwanza kona ya mdomo wako. Ngozi ya hapo hujikunja ukicheka na hulegea ukinyamaza. Yangu, upande wa kushoto, iliacha kufanya hivyo. Lilianza baka jeupe, lenye kung'aa kama nta ya mshumaa, likateremka mpaka kidevuni, kisha likakaza.

Mke wangu aliona kabla yangu, tukiwa mezani, kwamba kinywa changu hakifunguki vizuri. Bukari yetu, ugali wa mahindi, humegwa kwa mkono na kuliwa kwa sombe, mboga ya majani ya muhogo, na matonge yangu yalikuwa yamekuwa madogo.

"Baba, sasa unakulaka sawa kandege," alisema. "Ao sombe yangu iko mubaya?"

Jirani mmoja alisema ni mafuta ya kung'arisha ngozi. Mwingine alisema nimelogwa. Daktari wa ngozi, mjini, alikata kipande kidogo kikapimwe, kisha akanieleza polepole. Ni skleroderma ya sehemu moja: mwili wenyewe hukaza ngozi, na sababu yake haijulikani vizuri. Haiambukizi. Aliniandikia krimu, na vidonge vya kumeza mara moja kwa juma, si kila siku, na damu ipimwe mara kwa mara. Dawa ingezuia ngozi isiendelee kukaza, lakini iliyokwisha kukaza ilihitaji kunyooshwa kwa kufungua kinywa kadiri kinavyoweza, asubuhi na jioni. Nisipofanya hivyo, alisema, kinywa kingebaki kidogo hata dawa ikifanya kazi yake.

Siku ile, nilipofungua kinywa ili kipimwe, viliingia vidole viwili tu, kimoja juu ya kingine. Baada ya miezi kadhaa cha tatu kiliingia, kwa shida.

Ndipo mama mkwe alipokuja kutoka mkoa wa Kasai kukaa nasi. Kwetu mwanamume hali chakula mbele ya mama wa mkewe, seuze kumpanulia kinywa. Nyumba yetu, katika mtaa wa Annexe pembezoni mwa mji, ina sebule moja na ua mmoja, na yeye alikuwa daima katika kimojawapo. Niliacha mazoezi. Vidonge nilimeza, nikadhani vinatosha. Kidole cha tatu kikagoma kuingia.

Mke wangu alimweleza mama yake. Kesho yake asubuhi, nikiwa uani, nilisikia sauti nyuma ya pazia la mlango.

"Mukwe."

"Mama." Niliinamisha macho.

"Umeacha kufungula kinwa juu mi niko hapa?"

Nilijifanya nafagia ua.

"Unanisikilia haya, ni muzuri. Lakini mutoto yangu hakuolewa na bwana wa kunywa uji. Mi nageuza kiti, naangalia ukuta. Fungula!"

"Ndiyo, mama."

"Nasikia kimya tu. Umefungula?"

"Aaah," nilijibu, na mke wangu akacheka jikoni.

Tangu hapo, asubuhi na jioni, kiti chake kilielekea ukutani, nami nilifungua kinywa. Baka bado lipo, ila ngozi imelegea kidogo. Kidole cha tatu kimerudi.

Kama daktari wako naye amekuagiza mazoezi haya, nawa mikono, kaa mbele ya kioo, fungua kinywa taratibu mpaka ngozi ivute bila kuuma, shikilia kidogo, funga, pumzika, kisha urudie. Na kama yupo nyumbani mtu unayemwonea haya, mwombe ageuze kiti.