Tumbo la Idara Nne

Wahadhiri walimwita Daktari wa Tumbo, na kila mara walicheka kana kwamba utani huo wameutunga asubuhi ile. Alikuwa fundi wa maabara, mtu wa miaka hamsini na miwili, asiye na shahada. Kazi yake ilikuwa kulisha mtambo wa gesi ya samadi uliofukiwa nyuma ya bwalo la chuo. Aliuita tumbo kwa sababu, alisema, ukila ovyo unaumwa.

Mtambo ulikuwa utafiti wa pamoja wa idara nne: uhandisi, kilimo, kemia na sayansi ya jamii. Gesi yake ilipikia bwaloni, na mpishi mkuu alikuwa dada yake fundi, mkubwa wake, mwenye pumu. Moshi wa kuni ulikuwa umemla kifua miaka ishirini. Tangu gesi iwashwe, miezi saba, alilala usingizi wa watu wazima wenye afya. Kwa fundi, faida yote ya utafiti ilikuwa hapo.

Kisha zikaja habari kwamba wakaguzi wa mradi wako njiani, na kila idara ikataka kuonyesha chake. Watu wa kilimo wakaleta ndoo sita za samadi. Wa kemia wakamimina mafuta yaliyokwisha kukaangiwa. Wa sayansi ya jamii wakawaalika akina mama wa mtaani walete makombo, ili jamii ishiriki. Wahandisi, waliotaka mshale wa kipimo cha gesi upande juu, wakaongeza pumba. Yote hayo ndani ya siku tatu, wala hakuna aliyemuuliza mwenzake.

"Mwalimu, tumbo moja haliwezi karamu nne," fundi alimwambia mhadhiri wa kilimo.

"Sisi tumeweka kidogo tu. Waulize wa kemia."

"Sisi?" alishangaa wa kemia. "Vijidumu viwili! Nenda kwa wahandisi, si ndio wenye tangi?"

Mhandisi alimpiga begani. "Daktari, mwache mgonjwa wako ale, anenepe!"

Karatasi ya kupimia asidi iligeuka rangi ya chungwa: tumbo lilikuwa limechacha. Fundi alijua tiba yake: chokaa kiasi, na mwezi mzima bila kulisha. Lakini kwa kanuni za mradi, kulisha kulikuwa haki ya kila idara, ila kusimamisha kulihitaji saini nne. Akaandika barua, akaizungusha. Wakaguzi walipofika, moto ulikuwa bado unapanda vizuri. Wakapiga picha, wakapongeza, wakaondoka.

Siku ya tano baada ya wao kuondoka, moto ukawa mfupi. Siku ya saba ukazimika.

Barua ilikuwa na saini tatu. Wa nne alikuwa amesafiri kutoa mada juu ya ushirikiano wa idara. Aliporudi, wa kilimo aliifuta saini yake, maana kutia saini, alisema, ni kukiri kosa. Nasema bila kupepesa macho: msomi anayeogopa kukiri kosa kuliko anavyoogopa kifua cha mwenzake kujaa moshi, hakuelimika, alihitimu tu. Na fundi aliyekuwa na jibu mkononi hakuwa na cheo cha kulitumia. Chokaa ilikaa stoo, na ufunguo ulikuwa kwa mwenyekiti wa kamati ambayo haijapata siku ya kukutana.

Kuni zilirudi bwaloni. Siku hizi fundi hufika kabla ya saa ya kazi, huchambua rundo lote, akatenga vipande vilivyokauka zaidi, akavipasua vyembamba. Juzi dada yake alimkuta amechuchumaa hapo.

"We mtoto, nani kakwambia upike?"

"Hizi hazina moshi sana, dada."

Dada alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, akashika ukingo wa meza mpaka kipite. Fundi alisimama na kipande cha ukuni mkononi.

"Nenda," dada alisema alipopata pumzi. "Utachelewa kazini."