Mbwa wa Mjomba Bakari Alitafutiwa Nyumba

Naikumbuka asubuhi mjomba wangu Bakari alipotoka hapa Chiola kumpeleka mbwa wake kwa watu wa Mkotokuyana. Alivaa kanzu. Nisikilize vizuri, mwanangu Hamisi, na hiyo simu iweke chini. Mwanaume mzima alivaa kanzu yake ya Ijumaa, akashika bakora, akamtanguliza mbwa, akaenda kukaa na watu ambao angewaachia mbwa. Mwaka uleule mimi niliozeshwa, na nyumba niliyopelekwa hakuna mtu wa kwetu aliyejua hata mlango wake umeelekea wapi.

Nimekuita utoke Nachingwea mjini, ufunge duka lako la vipuri, kwa sababu nimekasirika, na hasira hii sikutaka kuimwaga kwenye simu. Nimesikia umeshaikubali posa ya Zuhura, mjukuu wangu ninayekaa naye hapa. Wewe ndiye mjomba wake, mama yake ni dada yako, na kwetu Wamwera neno la mjomba lina uzito. Hilo silipingi. Lakini nimekuuliza huyo bwana wa Ruangwa anaishi vipi na watu wake, umenijibu kwamba ana gari na ananunua ufuta. Sikukuuliza gari mimi. Kaa hapo nikusimulie habari za mbwa, halafu utaniambia kama mtoto wa dada yako ana thamani ndogo kuliko mbwa.

Mbwa yule aliitwa Waseme. Siku zile watu walipenda kumpa mbwa jina la kuwasema majirani. Ukimwita mbwa wako, jirani anajua umemlenga nani. Alikuwa mwekundu, mwembamba, sikio moja limechanwa na nguruwe pori. Sisi ni Waislamu, kwa hiyo ndani hakuingia, na nyama ya nguruwe hatukuila. Mjomba aliwinda ili tupate kuvuna. Nguruwe wakiingia kwenye muhogo na karanga, shamba la mwaka mzima linakwisha mara moja, na sisi watoto tunalala na uji mwepesi. Aliyetuzuilia njaa ni mjomba na mkuki wake, na Waseme. Nyama waliichukua jirani zetu Wakristo, nao wakatusaidia palizi.

Kisha goti la mjomba likaharibika. Akawa hawezi tena kumfuata mbwa porini, na mbwa wa kuwinda asipowinda anaanza kufukuza mbuzi wa watu. Mjomba akasema lazima Waseme auzwe. Alisema hivyo akiwa ametazama pembeni, na hatukumuona akila siku ile.

Mfanyabiashara mmoja wa mjini alimtaka alinde duka. Alitaja bei ambayo mama yangu aliposikia alikaa chini. Mjomba akakataa. Alisema mbwa aliyezoea kukimbia huwezi kumfunga mlangoni abweke mpaka afe, na kama ni shida ya pesa, shida tumeizoea.

Akaja mwingine kutoka Mtua, mwindaji, mcheshi, mwenye maneno matamu. Alimsifu mbwa, akamsifu mjomba, akatusifu mpaka sisi tuliopika. Mjomba akamkubalia. Lakini baada ya siku chache akaondoka na goti lake bovu akaenda Mtua bila kumpelekea habari mwenyeji, akafika wakati watu wanakula. Walimkaribisha vizuri tu. Yule bwana akasimama kumletea mgeni kiti, basi, kusimama tu, na mbwa wake mwenyewe akajilaza chini, mkia katikati ya miguu, akajikojolea. Mjomba alikunywa maji aliyopewa, akaaga, akarudi. Alipofika akatuambia, "Yule anapiga. Na anapiga ovyo, maana mbwa wake hajui atapigwa lini." Mtu wa Mtua hakumpata Waseme.

Waliompata ni watu wa Mkotokuyana, Mzee Antoni na mkewe, Wamakonde waliotoka Msumbiji. Huko mjomba alilala. Alikaa uani kwao, akatazama wanavyoamka, wanavyoitana, wanavyokula. Wawindaji wa huku walikuwa na taratibu zao: mama wa nyumba alimlisha mbwa ugali kwa mkono wake, mwenye mbwa akiona, maana mume anawinda siku moja moja lakini mbwa anakula kwa mama kila siku. Mama yule alimpa Waseme tonge, akamfuta tongotongo kwa kidole. Mjomba alituhadithia jambo hilo mpaka tukachoka.

Na walikuwa na sharti jingine, hili ndilo nataka liingie masikioni mwako. Mbwa akitoroka akarudi kwa bwana wake wa zamani, hapelekwi tena. Anaitwa yule aliyemchukua, aje aeleze alimfanya nini. Maelezo yake yasiporidhisha, anarudishiwa kilicho chake na mbwa anabaki. Mbwa haulizwi kitu. Waseme hakurudi, alipendwa kule, na alizeekea huko.

Sasa sikia yangu.

Walikuja wageni kutoka Ruangwa, wakakaa na mjomba baada ya adhuhuri, na kabla ya alasiri mambo yalikuwa yamekwisha. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nabangua korosho. Nikaambiwa nikanawe mikono, nimepata mume. Hakuna aliyekwenda Ruangwa kulala, hakuna aliyekwenda hata kunywa maji. Mjomba alisema ukoo unajulikana, na kijana ana cherehani mbili. Na mimi nilikuwa mtoto wa dada yake, niliyekuwa nampikia na kumkanda lile goti kila jioni.

Bwana yule ni baba yako. Amekufa, nimemwombea, na nilimwombea kwa moyo. Lakini sitasema uongo kwa sababu amekufa. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unaniuliza kovu hili la mkono, nikakujibu niliungua jikoni. Sikuungua jikoni, Hamisi. Alinichoma na pasi yake ya mkaa kwa sababu chai ilichelewa. Nyamaza kwanza, sijamaliza.

Mara ya kwanza nilipotoroka nilirudi juu ya lori la mizigo, nimekaa kati ya magunia. Mjomba alinikuta mlangoni. Hakuniuliza nimekula. Aliniuliza, "Umefanya nini huko?" Mwanangu, mpaka leo swali lile linanichemsha. Mbwa akirudi, mwenye nyumba ndiye anayeulizwa amemfanya nini. Niliporudi mimi, niliulizwa mimi nimefanya nini.

Asubuhi yake alinirudisha mwenyewe. Tulipokuwa tunatembea kwenda kungoja lori nilimwambia, "Mjomba, Mkotokuyana ulilala."

"Nililala."

"Kwangu ulilala lini?"

Akatembea kidogo, akasema, "Mbwa hana mdomo. Wewe unao, ungesema."

"Nani aliniuliza?"

Tulifika, akanikabidhi kwa baba yako, na akamwomba msamaha kwa niaba yangu. Nilisimama pale nikisikia mjomba wangu anaombea msamaha mgongo wangu uliovimba.

Mara ya pili nilirudi na wewe mgongoni, na mkono nimeufunga kwa kipande cha khanga. Mjomba alikuwa amezeeka, anatembea kwa kujishikilia ukutani. Safari ile hakuuliza kitu. Alituma watu wamwite baba yako. Akaja, akasalimia kwa adabu, akaketi, akaanza kueleza, na maneno alikuwa nayo. Wazee wengine walikuwa wanaitikia kwa kichwa. Halafu akasimama ili aninyooshee kidole vizuri. Aliposimama tu, wewe, hata kutembea hujui, ukaniangukia kifuani ukafunika uso. Hukulia.

Mjomba akamwambia, "Kaa chini. Nimeona."

Maneno yale yalimaliza kikao. Mjomba aliuza mbuzi wake, akarudisha kila alichopokea, hakubakiza deni. Wageni walipoondoka akanikalisha karibu naye, akasema, "Sikwenda kuona." Alisema hivyo tu, akaningojea. Alitaka nimwambie yamekwisha, mjomba, usijali. Sikumwambia. Nilimpikia, nilimkanda goti, nilimuuguza mpaka tukamzika, lakini neno hilo halikunitoka. Mtu aliyejua kusoma mkia wa mbwa hakushindwa kunisomea mimi nyumba. Hakujisumbua. Nikifika hapo bado nakasirika kama jana.

Ndiyo maana nimekuita. Nimemuuliza Zuhura kama anamtaka huyo bwana. Ameniambia, "Mjomba ameshasema, bibi." Hilo si jibu la mtu anayetaka kuolewa, Hamisi. Anayetaka kuolewa tunamjua, hata maji anachota akiimba. Huyu tangu habari zifike anasonga ugali hana habari nao mpaka unashika chini. Nawe ulikuwa wapi kumuuliza? Umempigia mama yake simu, umeongea na wanaume wenzako, umepiga picha na gari la watu. Aibu yako.

Sikwambii umkatalie mtu wa Ruangwa. Huenda ni mtu mwema, mimi simjui, na wewe pia humjui, na ubaya uko hapo. Kwa hiyo fanya hivi. Nenda Ruangwa, usimpigie simu kabla. Fika watu wakiwa wanapika. Usitazame sofa wala televisheni. Tazama mama yake anavyoitwa, tazama dada zake wanavyocheka, na kama kuna watoto, watazame yeye anaposimama. Lala huko. Mtu anaweza kukuigizia mchana, lakini asubuhi kabla hajapata chai atachoka kuigiza. Ongea na jirani anayeuza vitumbua, na mwendesha bodaboda wa pale kona, uwaulize yule bwana ni mtu gani akidaiwa haki ya mtu. Halafu rudi hapa, umkalishe Zuhura mbele yangu, umwambie ulichokiona chote, kizuri na kibaya, umuulize. Akinyamaza, usifanye kunyamaza kwake kuwa ndiyo. Ngoja mpaka aseme. Akisema hapana, utakwenda mwenyewe kuwaambia wenzako hapana, na usimtaje yeye, jitaje wewe.

Na nyinyi vijana wengine mnaosikiliza nyuma ya ukuta, mkidhani sisikii mnavyosukumana, haya ni yenu pia. Mtu yeyote mnayemtoa mikononi mwenu kwenda mikononi mwa mwingine, awe mtoto, awe mzazi mgonjwa mnayempeleka kwa ndugu, awe binti wa kazi mnayemtafutia nyumba mjini, kwanza nendeni mkaone. Msitumie midomo ya watu wengine. Msiseme ukoo unajulikana. Na mkishampeleka, mlango wa kwenu msiufunge nyuma yake.

Usilie, mwanangu. Sikukuambia habari za baba yako ili ujichukie, wewe ulinitetea kabla hujajua kusimama. Mungu akuongoze safari yako ya Ruangwa, akupe macho ya kuona na moyo usiotishwa na gari la mtu. Akikuonyesha mema, ampe Zuhura nyumba yenye kicheko na watoto wasiojificha, na kigelegele cha kwanza nitakipiga mimi. Na ikitokea siku amerudi hapa, mchana au usiku, na mzigo au mikono mitupu, Mungu akujalie umpe chakula kwanza, kisha uende Ruangwa ukaulize huko.