Mgongoni kwa Mtani Wangu

Nilisikia pigo kabla sijaona kitu. Mlio mkavu, mfupi, kama nazi inapopigwa kwa mgongo wa panga. Uso wangu ulikuwa umezama shingoni mwa mtu aliyenibeba, na jasho lake lilikuwa limenijaa machoni. Sikuumia popote. Kwa hiyo nikajua aliyepigwa ni yeye.

Miguu yangu ilipooza nikiwa na miaka minne. Tangu hapo nilitembea kwa mikono, viganja vikiwa ndani ya katambuga za mpira wa gari, na hivyo ndivyo nilivyovuka Kariakoo kila asubuhi, kati ya matenga ya nyanya na magurudumu ya mikokoteni, mpaka Mchafukoge, kwenye chuo cha ukarani. Darasa letu lilikuwa ghorofani. Miaka miwili nilizipanda ngazi zile kwa kutambaa, wenzangu wakiniruka kama gogo. Wiki moja kabla ya mtihani wa mwisho, mmoja wao hakuruka. Alikanyaga, akazungusha kisigino, na vidole viwili vya mkono wangu wa kushoto vikavunjika.

"Si upishe njia, kaa wa pwani we!" alisema, na ngazi nzima ikacheka.

Nikaenda kwa mkuu wa chuo, Mwingereza mwenye Kiswahili safi. Nilimwomba nifanyie mtihani chini, kwenye ghala la vitabu, mimi na msimamizi tu.

"Nikikuruhusu wewe, kesho mwingine ataomba kitanda," alisema. "Nitakuwekea meza karibu na mlango. Lakini saa mbili kamili mlango unafungwa, na kila mtu atapanda mwenyewe ajuavyo."

Meza hiyo ndiyo iliyokuwa huruma yote ya chuo. Nami bila cheti nilikuwa na kazi moja tu iliyoningoja: kukaa nje ya msikiti kila Ijumaa na kunyoosha mkono.

Katika nyumba yetu ya Msimbazi alipanga hamali wa sokoni, Mnyamwezi mwenye shingo nene kama kinu. Mimi ni Mzaramo, basi tulikuwa watani, na watani hawapeani pole.

"We Mzaramo, miguu umeichoka, sasa na mikono?"

"Nibebe kesho mpaka chuoni, mtani."

"Mgongo huu umezoea magunia ya maana!" Akacheka mpaka akakohoa. "Haya. Nikikuangusha ukafa nitakuzika mwenyewe, na sanda nitaivua nikaiuze."

Mahamali wa Kariakoo walikuwa na sharti lao. Mzigo ukishainuliwa hautuliwi mpaka mwenye mzigo aseme ni hapa. Anayetua njiani, wenzake hawamsaidii tena kujitwisha, na hamali asiyesaidiwa kujitwisha hana kazi.

Asubuhi ya mtihani askari wa mlangoni, mgeni asiyenijua, aliona miguu peku na kaptura ya gunia ya mtani wangu, akaamua aonavyo yeye.

"Hamali nyuma! Mlango wa mizigo uko nyuma!"

"Huyu mwanafunzi wenu."

"Mwanafunzi ana miguu!"

Mtani wangu akapita. Ndipo lilipokuja lile pigo la rungu.

La pili lilitua ubavuni. Nililisikia likipita mwilini mwake mpaka kifuani mwangu. Mikono yake yote miwili ilikuwa imefungana chini ya mapaja yangu, hakuwa na hata mmoja wa kujikinga. Wanafunzi waliokuwa ngazini walijibana ukutani, si kutupisha sisi, bali askari apate nafasi ya kurusha mkono. La tatu likachana sikio. Damu ikanimwagikia shavuni, ya moto, na mtani wangu akapiga goti kwenye ngazi ya sita.

"Ni hapa?" aliniuliza akihema.

Neno moja lilitosha. Ningesema ndiyo, angenitua bila aibu yoyote, na rungu lingekoma. Nikainua macho. Saa ya ukutani ilikuwa imebakiza dakika nne.

"Bado," nikasema.

Akasimama. Askari akapiga kiwiko, akapiga kisogo, akitukana kila pigo na tusi lake. Kwenye kona ya ngazi mtani wangu akayumba, tukagonga ukuta pamoja, akatema jino.

"Hapa?"

"Bado. Juu."

Niliisikia sauti yangu. Ilikuwa sauti ya mwenye mzigo.

Tuliingia dakika ya mwisho. Meza ilikuwa pale pale karibu na mlango, kama mkuu alivyoahidi. "Hapa," nikasema, naye akanishusha kitini polepole, kama mtu anayetua tenga la mayai. Jicho lake moja lilikuwa limefumba kabisa. Tone la damu likaanguka juu ya karatasi yangu ya maswali.

"Andika, mbwa we," alininong'oneza.

"Asiye mwanafunzi atoke," alisema msimamizi.

Nje, juu ya ngazi, askari alikuwa amesimama akikunja mkono wa shati, na mwenzake wa lango la nyuma alikuwa amekuja na rungu la pili. Ngazi ilikuwa ile ile moja. Mtani wangu aliwaona. Mimi pia niliwaona. Msimamizi alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, na kinywa nilikuwa nacho.

Nikashika kalamu.

Mtani wangu akajifuta uso kwa kiganja, akatoka, na msimamizi akaufunga mlango nyuma yake.